Mursik Bethlehemu

Jumapili, 14 Desemba 2008
Nimetoka ibadani nikimwonea Mungu aibu. Watoto wa Kavetsa, mwalimu wetu wa Sunday school, wameigiza Nuhu. Safina: katoni ya televisheni. Njiwa alisahau maneno, akalia. Kanisa zima likapiga makofi, eti ni ya Bwana. Aliyeumba simba na Mlima Elgon tunampa katoni!

Nikamwendea Pasta Kipyego. Krismasi niachiwe mimi, Kevin, fundi wa redio hapa Langas, mtu anayeijua sanaa. Akakubali kwa sharti moja: Mama Nyaguthii awemo. Amerudi Yamumbi kutoka kambi ya waliofukuzwa makwao kwenye ghasia za uchaguzi, analala kwenye hema kando ya nyumba yake iliyochomwa. Kanisani hukaa karibu na mlango, huondoka kabla watu hawajasalimiana. Anasema baada ya Krismasi atauza shamba aende zake. Pasta anataka abaki. Mimi nataka Mariamu mwenye huzuni usoni. Tumeelewana.

Jumanne, 16 Desemba
Balaa. Wanaume wote wako kwenye mavuno ya mahindi, sina mchungaji wa kondoo. Aliyejitolea ni Mama Chepngetich, jirani wa Nyaguthii, ua kwa ua. Hawajasemezana tangu siku nyumba ilipochomwa. Siku hiyo Nyaguthii alibisha kwake, naye akajifungia ndani.

Sikosi mbinu. Mariamu atafanya mazoezi kesho, mchungaji Ijumaa. Hawataonana mpaka siku yenyewe. Sitaki mambo ya watu yaingie kwenye mchezo wangu.

Ijumaa, 19 Desemba
Mama Chepngetich akauliza mchungaji anampelekea Mariamu nini. Nikamwonyesha mwanakondoo wa pamba. Akasema kwao mtu aliyetoka mbali hapokelewi kwa pamba. Nikamkumbusha mkurugenzi ni nani. Akasema, "Sawa, kijana yangu," na pamba akaiacha mezani.

Kavetsa amejitolea kunishonea mabawa ya malaika. Ya pazia la jikoni, bila shaka. Nimekataa. Nimenunua manyoya halisi ya kuku.

Alhamisi, 25 Desemba
Nimekwisha!

Nilikuwa Gabrieli, juu ya meza. Manyoya yaliniingia puani, habari njema nikaitoa kwa chafya. Hilo lingesameheka. Kisha akaingia mchungaji, bila mwanakondoo. Amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa ambayo kwao hupewa mkimbiaji akirudi na medali. Mursik, Bethlehemu! Nikamnong'oneza atoke. Alipiga magoti mbele ya Nyaguthii.

"Mama Mburu," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "ulibisha, nikafunga mlango. Niliogopa. Karibu nyumbani."

Sikuandika maneno hayo mahali popote. Nikamkumbusha Nyaguthii zamu yake kwa sauti. Hakunitazama. Alikitazama kibuyu. Mwishowe akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akamrudishia mwenzake, naye akanywa. Wakakumbatiana wakilia. Kanisa zima likalia, Kavetsa akiongoza. Hakuna hata kofi moja. Mamajusi wangu watatu walisahauliwa nje na zawadi zao.

Nami machozi yalinitoka juu ya meza. Manyoya hayo.

Jumapili, 28 Desemba
Nyaguthii amebaki mpaka salamu za mwisho. Shamba hauzi tena. Vijana wa Mama Chepngetich wameanza kumsimamishia nguzo za nyumba, na jana nilikwenda kushika kamba. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Pasta ameniambia hajawahi kuona mchezo wa kanisa kama ule. Kumbe! Nimelifikiria jambo hili usiku na mchana, na siri nimeipata: ni kule kuwatenganisha kwenye mazoezi. Basi Pasaka nitaigiza Karamu ya Mwisho. Kila mwanafunzi atafanya mazoezi siku yake, peke yake, asimwone mwenzake wala Yesu. Na safari hii nitasimama mlangoni mwenyewe, nihakikishe hakuna mtu anayeingia na chakula.