Mtazamaji Aliyeinua Mkono

Jumatatu, 19 Agosti

Nimekubaliwa! Kongamano la watafiti wa maigizo, wasomi kutoka Bukavu, Bujumbura na Kigoma, siku mbili nzima, na linafanyika hapa hapa Baraka. Alhamisi nasoma mada yangu. Ijumaa kikundi changu kinaonyesha mchezo. Miaka tisa nimeingojea barua hii. Iddy, mtafiti mwenzangu wa hapa mjini, naye kakubaliwa. Anasoma asubuhi, watu wakiwa macho. Mimi baada ya chakula. Hila ya nani hiyo? Naijua.

Nikamwambia mke wangu. Kulthumu alikuwa anachagua ndagala za kupeleka sokoni. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama prefe, mkuu wa shule, ameshajibu kuhusu ile nafasi ya kufundisha Kifaransa. Nikasema bado.

Hapa ni shajara yangu, niseme kweli. Prefe amejibu. Barua ina siku kumi sasa. Nafasi ni yangu, nithibitishe kabla ya Ijumaa jioni. Nimeiweka ndani ya kamusi, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii anafika, mimi mwenyewe nikiwemo. Mtafiti atasimamaje mbele ya darasa la pili kuimbisha watoto vitenzi? Baada ya kongamano nitaitwa mbali.

Kulthumu kasema nikikosa kazi mwezi wa tisa, atachukua watoto wetu wawili waende kwa kaka yake kule Lulimba. Huu ni mwaka wa tatu anasema hivyo. Zamani alisema kwa hasira. Leo kasema polepole, huku akitupa samaki walioharibika.

Jumanne, 20 Agosti

Siku ya kazi. Mchezo wetu ni wa kushirikisha watu. Unafika pabaya, ugomvi umewaka, mimi nausimamisha. Nauliza nani anaweza kuurekebisha. Mtazamaji yeyote anainua mkono, anaingia, mchezaji anampisha, naye anatengeneza mambo. Mada yangu inasema kwamba kwa miaka tisa watazamaji wamepatanisha kila ugomvi. Kila mmoja! Kwa kweli mwezi wa tatu kule Lusenda watazamaji waliondoka wote kwenda kupokea maharagwe ya msaada. Tulibaki na mbuzi.

Wasomi wasione mambo kama hayo. Kwa hiyo nimewaandaa watazamaji. Mama Umulisa, jirani, atainua mkono ghafla. Kampire, binti yake, atainua ghafla baada yake. Nimewaandikia maneno. Mke avumilie, mume ana kipaji, nyumba ni subira. Mama Umulisa kauliza kama mchezo unahusu mtu anayemjua. Nikasema ni jambo la kubuni kabisa.

Muhoza ndiye mume katika mchezo. Nimemwomba atembee kama mimi. Kajibu kwamba hiyo itamlazimu kwanza akose usingizi na asiwe na haraka ya kwenda popote. Anaigiza vizuri, lazima nimvumilie.

Jumatano, 21 Agosti

Mazoezi mabaya. Tania, anayeigiza mke, analalamika kwamba katika mchezo mzima ana maneno mawili tu, na yote mawili ni ya kuomba msamaha. Nikamweleza kwamba kunyamaza ndiyo sanaa ya juu. Akanyamaza mpaka saa sita. Hakuna aliyeona tofauti.

Iddy kapita na kadi za kuvaa shingoni. Yake imeandikwa Mtafiti. Yangu ina jina tu, kama la mgonjwa. Anasema nafasi ilikuwa ndogo.

Lakini jioni, furaha! Kulthumu kasema Ijumaa atakuja kuangalia. Miaka tisa hajawahi kukanyaga. Nikasema akae mbele kabisa. Akauliza kama ni kweli mtu yeyote anaruhusiwa kuinua mkono. Nikavimba kifua. Nikasema yeyote, mke wangu, ndiyo maana yake yote.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimesoma. Siwezi kuandika mengi.

Bugali wa mchana ulikuwa mwingi na samaki mkubwa. Mstari wa pili wote ulilala. Nilikuwa na kurasa kumi na nne. Kwenye ya sita jenereta ikazima, madirisha yamezibwa, na mwenyekiti akanishukuru gizani. Iddy alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Swali lilikuwa moja tu. Profesa Dorothée wa Bukavu, mama mfupi mwenye miwani, aliuliza ni lini mchezo wangu ulishindwa, kwa kuwa hapo ndipo mtafiti anajifunza. Nikasema haujawahi. Akasema basi tutaona kesho, akaandika kitu kifupi sana.

Ijumaa, 23 Agosti

Nitaandika yote.

Mama Umulisa hakuja. Msiba, upande wa shemeji yake. Kampire alikuja na karatasi, akaisoma huku midomo ikicheza mpaka nikaogopa watu watagundua. Ukumbi ulijaa. Mchezo ulikwenda vizuri. Muhoza alilalamika kwa uzuri kuhusu mke asiyejua thamani ya mume. Tania aliomba msamaha mara mbili. Nikausimamisha. Nikauliza nani anaweza kurekebisha. Nikamtazama Kampire.

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Kulthumu.

Ningefanya nini? Kanuni ni yangu. Tania akavua kitenge cha mchezo, akamfunga. Kulthumu akamgeukia Muhoza, akamwambia kwa heshima apumzike, nafasi hiyo ina mwenyewe. Muhoza akakaa haraka mno. Ndipo Kulthumu akaniita mimi. Nikaenda.

Akasema, "Barua ya prefe ilifika siku gani? Sema tu siku. Mi siulizi mengine."

Kumbe, Kampire kaniambia baadaye, prefe alinunua samaki kwake juma lililopita! Akamuuliza kwa nini mume wake hajibu. Siku zote hizo alijua, akanipikia, akangoja.

Alinitazama, na naapa macho yake hayakuwa na vita. Alikuwa ananipa mlango. Neno moja tu, tarehe moja, na jua lilikuwa bado juu, shule ilikuwa wazi. Nikaona hayo yote. Kisha nikamwona Profesa Dorothée ameshika kalamu. Nikapanua mikono. Nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, "Barua gani hiyo, mke wangu?"

Akangoja kidogo tena.

"Basi," akasema. "Nilifikiri mbele ya bantu utasema."

Akavua kitenge, akakikunja, akamrudishia Tania, akatoka. Watu wakasimama wakipiga makofi! Profesa Dorothée alikuwa na machozi. Alisema hajawahi kuona mwigizaji mkweli namna ile, akauliza nimemtoa wapi. Nikainama mbele ya watu. Mungu anisamehe, niliinama mara mbili.

Jumamosi, 24 Agosti

Kulthumu na watoto wameondoka alfajiri na lori la Lulimba. Hakutukana. Aliacha mboga ya sombe kwenye sufuria na nguo zangu zimefuliwa. Mdogo aliuliza kwa nini baba hapandi. Mama yake akamwambia baba ana kazi. Hilo lilinichoma kuliko matusi.

Nikakimbia kwa prefe na barua mkononi. Nafasi ameshapewa Iddy, tangu jana saa kumi na moja. Nikakutana naye njiani. Akasema mtafiti naye anakula, akanipa pole. Nilitafuta dharau usoni kwake, nimtukane vizuri. Sikuipata.

Nyumba haina sauti. Nimekula sombe nimesimama.

Jumapili, 25 Agosti

Nimelia asubuhi. Kisha Profesa Dorothée akapita kuaga kabla ya safari. Mwezi wa kumi na mbili kuna kongamano lingine, Bukavu, kubwa zaidi. Wanataka ile sehemu ya barua, na wanamtaka yule mwigizaji wa kike. Muhtasari wa mada ufike kesho.

Kwa hiyo nimepanga. Kulthumu lazima arudi, kwa ajili ya nyumba na kwa ajili ya utafiti. Nimeandika maneno ya kumwomba, kurasa nane, ya kweli kabisa, mengine nililia nikiyaandika. Kesho Muhoza atayapeleka Lulimba. Kashangaa kwa nini nisiende mwenyewe. Nikamweleza kuhusu muhtasari. Isitoshe, yeye anaigiza mume vizuri kuliko mimi.

Akauliza afanyeje Kulthumu akimuuliza tena habari za barua.

Nikamwambia ajibu kama nilivyojibu mimi, ila kwa hisia zaidi.