Parquet Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 10 Juni

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Jumamosi watu wa kule Tenke wanakuja kubisha hodi, kumposa binti yangu Abigaël, na mke wangu Adèle anataka tuwapokee nyumbani kwa kaka yake, Kalonji! Kwa nini? Kwa sababu Kalonji ana karo. Vigae vyeupe vya sakafuni, ukivua viatu unateleza. Salon yetu ya kupokea wageni ni saruji yenye nyufa, na katikati kuna kinundu ambacho kila mgeni hujikwaa kabla hajasalimia.

Baba aombwe binti yake katika nyumba ya shemeji! Nikae pale pembeni, nangojea kuletewa soda! Hapana.

Abigaël mwenyewe alisema taratibu, huku akikunja nguo, kwamba angependa iwe hapa, maana ni hapa alipojifunza kutembea. Nikatoka nje kujifanya natazama bomba. Macho yalikuwa yameloa.

Nimeomba muda mpaka Ijumaa. Adèle amekubali, lakini kama jioni hiyo sakafu haifai, wageni wanakwenda kwa Kalonji na mimi ninyamaze.

Karo siweki. Atasema nimemwiga. Nitaweka parquet, zile mbao nyembamba zinazobanana zenyewe bila gundi wala msumari. Niliziona katika ofisi moja ya mgodi. Fundi wa nini? Nina mikono miwili.

Jumanne, 11 Juni

Nimenunua! Muuzaji wa vifaa karibu na soko, Tatiana, anaongea sana. Aliuliza salon ina ukubwa gani. Nikasema hatua saba kwa tano. Akauliza hatua za nani. Swali gani hilo? Zangu!

Kuchagua rangi kumeniumiza kichwa. Ya kijivu inafanana na saruji ninayoikimbia. Ya asali ilinikumbusha kanisa. Nikachukua nyeusi tii, rangi ya wakubwa. Tatiana akaonya kwamba nyeusi inaonyesha kila vumbi, na huu ni wakati wa kiangazi, malori yanapita. Nikamjibu kwamba kwangu watu wanapangusa miguu.

Halafu masharti. Eti katoni zilale siku mbili ndani ya chumba, mbao zizoee hewa ya nyumba. Eti niache nafasi ya upana wa kidole kando ya kuta zote, maana mbao hutanuka. Eti maji nisimwage kamwe. La nne sikulisikia, nilikuwa nimeshafika barabarani. Ameniongezea bunda refu la sponji nyembamba ya kutandika chini, bila shaka zawadi kwa mteja mzuri. Nimeitandika chini ya godoro letu. Raha!

Mbao zilale siku mbili! Mimi mwenyewe silali.

Jumatano, 12 Juni

Nimetundika mashuka kwenye madirisha yote, Kalonji asije akajua mapema. Ana watu wake, na jirani yetu mama Ngalula ndiye mkuu wao. Kisha nikakishambulia kinundu. Nyundo na tindo tangu asubuhi. Gu! Gu! Gu! Picha za arusi zimeanguka mbili. Kufikia saa sita nimejaza magunia manne ya vifusi na kuyapeleka nyuma ya nyumba, nimeyafunika kitenge. Jiwe moja lilikuwa na ukijani kidogo. Nimelitupa pembeni ya dirisha.

Mama Ngalula alikuja mara tatu kuomba chumvi. Mara ya tatu alikuwa na chumvi mkononi.

Alasiri, wanaume watatu getini. Wachimbaji, sururu begani. Mkubwa wao, Mechack, akanisalimu kwa heshima zote, kama baba yake, akasema, "Tata, tulisikia uko na shimo. Tutachimba, tutagawana nusu kwa nusu." Nikamwambia hakuna shimo, natengeneza sakafu. Wakatazama mashuka. Wakatazama magunia. Wakatazama vumbi kwenye nyusi zangu. Mechack akanikonyeza, akasema wamenielewa, hawatamwambia mtu.

Hapa Kolwezi ndivyo tulivyo. Ukipiga nyundo ndani ya nyumba, mtaa mzima unajua umepata madini ya kobalti. Watu wamechimba jikoni, wamechimba chini ya kitanda, mchana wakiwa wamefunga mapazia. Nani ataamini kwamba mtu anavunja saruji ili atandike mbao?

Alhamisi, 13 Juni

Siku kubwa. Umeme umekatika, na msumeno niliouazima ukanyamaza mkononi mwangu. Nimekata kwa msumeno wa mkono. Mbao zinaingiana zenyewe, tak! tak! Nilianza kuimba. Nafasi ya kidole sikuiacha. Nimelipa sakafu nzima, niache kuta zikiwa uchi? Ubao wa mwisho haukutaka kuingia, nikausukuma kwa nyundo mpaka ukalia. Kona moja mbao hazikutosha, inaonekana leo hatua zangu ni fupi kuliko juzi. Nimeisogezea kabati.

Ukitembea, sakafu inaitika ko! ko! Vizuri. Watu watajua mwenye nyumba anakuja.

Kisha nikataka kutoka. Milango miwili ya salon hufungukia ndani, nami niliifunga kwa ajili ya siri. Sasa sakafu imepanda. Mlango wa mbele umegoma. Wa ndani umegoma. Nikamwita Adèle, yuko sokoni. Nikamwita Abigaël, yuko kwa mshonaji. Nikatoka kwa dirisha lisilo na vyuma, miguu mbele, mweupe wa vumbi toka utosini, tindo mdomoni.

Mama Ngalula alikuwa pale na wanawake wanne wenye ndoo. Hawakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza kwa upole nimefika mita ngapi chini.

Nimerudi kwa dirisha, nimeng'oa milango, nimeipunguza chini. Upande mmoja ukazidi, nikasawazisha. Ukazidi mwingine, nikasawazisha. Sasa kuku anapita chini ya mlango bila kuinamisha kichwa.

Ijumaa, 14 Juni

Ushindi! Adèle aliingia, akasimama, akaipapasa kwa mkono, akasema ni nzuri. Mke wangu! Baada ya miaka ishirini na sita! Wageni wanakuja hapa.

Kalonji alifika kuona. Nilimngojea aseme neno baya ili nimjibu, nilikuwa nimeshaandaa jibu. Badala yake akagonga sakafu kwa kisigino, akasikiliza, akanivuta pembeni. Akasema shemeji ni ndugu, na kwamba mwenye bahati asiisahau familia. Ameniazima viti vyake vinne vya ngozi kwa ajili ya wageni. Ameniachia hata sururu yake mpya nyuma ya mlango, eti kama itahitajika. Ningeweza kukana. Nilikana, lakini kwa sauti ndogo. Tulipotoka, kwa mara ya kwanza Kalonji alinifungulia geti, mimi nikatangulia.

Nikaenda kunyolewa. Kurudi, nakuta Adèle na wamama wa kwaya yake wanamaliza kuosha salon, kama kila Ijumaa. Ndoo, sabuni, brashi, nyimbo. Ndoo kumi na moja! Na maji hayakutoka mlangoni. Adèle alifurahi kwamba sakafu mpya inakunywa vizuri.

 Ningemlaumuje? Masharti ya Tatiana nilikuwa sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi kinundu kimerudi! Kikubwa mara tatu, chenye mimba. Nikakikalia, kikahamia chini ya meza. Nikaweka kiti cha Kalonji juu yake, kiti kikainama kama kinasali.

Saa nne wageni wakafika, watano. Mbele yao tata Elisée, baba wa Merdi, kijana anayemchumbia Abigaël. Ni mzee wa reli, mrefu, koti limenyooshwa. Akasimama kizingitini. Akagonga kwa kisigino. Ko, ko. Akagonga tena. Akaweka mguu mmoja ndani. Upande wake ukashuka, upande wa pili ukanyanyuka na meza ya glasi, na katikati sakafu ikapasuka, paa! Wote wakarudi uani mbio. Shangazi yao alibaki na kiatu kimoja.

Tata Elisée akavua kofia. Alikuwa ameshasikia habari zangu tangu kwenye kituo cha basi. Akasema, bila hasira, "Tata Gaston, mutoto ya dada yangu alibakia mu shimo, udongo ikamufunika. Mi siwezi kuikala juu ya shimo." Na mwanawe Merdi, akasema, hataoa katika nyumba inayochimbwa.

Nikaapa. Nikaapa tena. Mama Ngalula, kutoka kwenye ukuta wake, akatikisa kichwa kwa huruma. Kalonji akanikanyaga mguu ili ninyamaze nisitoe siri. Merdi alitazama viatu vyake. Nilijua nimemharibia binti yangu maisha kwa ajili ya mbao nyeusi.

Abigaël akatoka jikoni katika gauni lake jipya, na kisu cha samaki. Akapiga magoti katikati ya salon. Akaingiza kisu, akang'oa ubao. Akang'oa wa pili. Wa tatu.  Alipofika kwenye saruji yetu ya zamani, iliyolowa, yenye nyufa, akawageukia. "Muone. Shimo haiko. Papa alitaka tu munikute kwetu."

Tata Elisée akaingia polepole. Akainama, akaipapasa saruji kwa kiganja, kila upande, kwa muda mrefu. Kisha akacheka. Akavua koti lake lililonyooshwa, akaanza naye kung'oa mbao, na Merdi akafuata, na shangazi mwenye kiatu kimoja. Kwa nusu saa parquet yote ilikuwa uani, na viti vimepangwa juu ya saruji. Wakabisha hodi upya, kwa taratibu zake. Hapa. Katika salon yangu! Kuku akapita chini ya mlango katikati ya maombi, hakuna aliyemfukuza. Nililia. Nikasema ni vumbi.

Kabla hawajaondoka, Abigaël aliniapisha mbele ya wote kwamba mpaka arusi sitaigusa nyumba. Si kuta, si mlango, si paa, si dirisha. Nikaapa kwa moyo wangu wote. Kalonji aliondoka na viti vyake bila kuaga. Sururu ameisahau.

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka kanisani. Nyumba imetulia. Adèle amelala, na sponji ya Tatiana inamfaa sana. Mimi siwezi kukaa. Nimezunguka uani mara sita.

Nimelichukua lile jiwe la dirishani. Nimelilowesha kwa mate. Kijani, kama mawe ya mgodini! Adèle alisema jana ni rangi ya ukuta ya zamani. Inawezekana. Lakini Mechack si mjinga. Mama Ngalula si mjinga. Kalonji, pamoja na ubaya wake wote, si mjinga. Mtaa mzima hauwezi kukosea kwa pamoja. Na kile kinundu, nani aliwahi kujiuliza kilitoka wapi? Saruji haiinuki bure. Kuna kitu chini kilikuwa kinaisukuma.

Nimeapa na sitavunja. Kuta sigusi. Mlango sigusi. Paa na dirisha, sigusi. Sakafu hakuitaja mtu.

Mashuka nimeyatundika tena. Adèle akiamka nitamwambia ni kwa ajili ya jua. Nitaanzia katikati, pale palipokuwa na kinundu. Na tata Elisée akija kwa arusi, kiti chake nitakiweka kando kabisa, karibu na ukuta.