Mpira Uliofutwa na Mvua

Gazeti la Tilden Falls asubuhi hiyo lilikuwa na habari tatu: bei ya mahindi imeshuka, mjane wa mchungaji ameolewa tena, na kocha wa timu ya besiboli ya mji hajafikisha mia tatu.

Kocha mwenyewe, aitwaye Virago kwa kuwa ameshafunga virago katika miji kumi na minne, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote mgahawani kwa Verna, akikoroga kahawa isiyo na sukari. Umri wake miaka arobaini na mbili. Magoti yake, sabini. Miaka ishirini kacheza ligi ndogo, sita ya mwisho akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja. Ligi kuu huisikia redioni.

"Mia mbili tisini na tisa," Wembe kinyozi akasoma, gazeti kalishika mbali na macho. "Wamehesabu upya mipira yote uliyoivusha uzio. Mmoja haumo."

"Upi?"

"Wa Juni, mwaka juzi. Mchezo ulivunjwa na mvua zamu ya nne."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Pale hata paka wa Verna anaijua sheria: mvua ikivunja mchezo kabla ya zamu tano kutimia, mchezo huo haukuwepo. Kila kilichofanyika humo kinafutwa.

"Naukumbuka," akasema Brashi, mchoraji wa vibao vya mji. "Tulikuwa tumelala tisa kwa moja. Hiyo moja ndiyo yako. Wingu lilipotokea, ukaanza vituko. Ukafunga kamba za viatu mara tatu."

"Zilikuwa zinalegea."

"Ukabadilisha warushaji wanne. Ukambishia mwamuzi robo saa nzima kuhusu mdudu."

"Nyigu," Virago akasema. "Ni mdudu hatari."

"Mvua ikashuka, kipigo kikafutika, tukakubeba mabegani. Kumbe mwenzetu unafuta na wa kwako. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Mwacheni anywe kahawa," Verna akasema, akimwongezea. "Si mna mchezo wa mwisho leo mchana? Ajipange, avushe mmoja, yaishe. Msimu ujao wenye timu hawamtaki, wameshamwambia."

"Kwisha kazi," Wembe akadakia. "Unasimama kituo cha kwanza. Orodha si unaandika mwenyewe?"

"Kituo cha kwanza ni cha Lonnie Pruitt."

"Lonnie ana miaka ishirini. Atacheza mpaka achoke."

"Leo anakuja mtu wa ligi kuu kumtazama."

"Atamtazama akiwa benchi. Yule kijana anakaa vizuri, mgongo umenyooka."

"Halafu kibao nimeshakimaliza," Brashi akaongeza. "Futi nane, kinasimama barabara ya kuingilia mjini. MJI WA VIRAGO, MIPIRA MIA TATU. Rangi ya mafuta ile, haitoki hata kwa maombi."

Virago akatoa kadi ya orodha mfukoni. Majina manane yalikuwapo. Mstari wa tisa mtupu. Akailamba ncha ya penseli, akakumbuka mwaka 1933, alipokuwa na miaka ishirini na mbili na mtu wa ligi kuu kaja kumtazama yeye. Kocha wake wa wakati ule, mwenye tumbo na goti bovu, alijipanga mwenyewe siku hiyo, akitaka kutimiza mchezo wake wa elfu moja. Mgeni akala karanga zake, akapanda treni, hakurudi.

Akaandika. Wembe akanyoosha shingo kama bata.

"Pruitt," akasoma. "Wewe jamaa una wazimu. Na asipofua dafu?"

"Basi atakuwa ameshindwa mwenyewe. Ni haki yake."

Verna akamminya bega, akapita na birika lake. 

"Na kibao changu?" Brashi akauliza, kwa sauti ya mfiwa.

Virago alikuwa ameshasimama, anapima kama magoti yamekubali. Akavaa kofia.

"Kiache kilivyo. Ongeza chini, herufi ndogo: kasoro mmoja."

"Kwa rangi gani?"

"Ya maji."

"Mvua ya kwanza tu itaufuta huo mstari."

"Najua," Virago akasema, mkono mlangoni. "Si ndiyo iliyonipunguzia? Acha inirudishie."