Serotonini Yangu na Ndege ya Nairobi

Jumatatu, 2 Juni
Emery atapanda ndege. Ni fundi cherehani, jirani yangu, na amekuja mwenyewe kunitangazia kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu kabla sijafungua hata kufuli. Dokta Nadège anatafuta watu wa uchunguzi: wagonjwa wa huzuni kubwa, na wenye afya wa kulinganisha nao. Watapelekwa hospitali moja ya Nairobi wapigwe picha za ubongo. Emery amekubaliwa upande wa wenye afya. Anasema walitaka ubongo safi. Ubongo safi! Mtu huyu alinishonea suruali ambayo mguu mmoja unafika kwenye kiatu na mwingine unaishia juu ya kifundo.

Nimeuliza kama nafasi zimebaki. Upande wa wenye afya umejaa. Upande wa wagonjwa zimebaki tatu.

Basi mimi ni mgonjwa.

Jumanne, 3 Juni
Nimekwenda kusikiliza maelezo. Dokta Nadège anaongea polepole, na ukiongea wewe anakutazama mpaka umalize. Ameeleza kwamba ndani ya ubongo kuna kitu kinaitwa serotonini, ambacho seli hutumia kupashana habari. Mtu atadungwa dawa yenye mionzi kidogo sana, nayo itakwenda kushika pale serotonini inapofanya kazi, na mashine itaona. Wataalamu bado wanabishana kama serotonini ndiyo chanzo cha ugonjwa huu. Ndiyo maana wanachunguza.

Mimi nimebaki na neno moja: mashine itaona. Itaona serotonini yangu imejaa mpaka masikioni. Nitaaibika mbele ya Emery.

Mpango: kuipunguza. Mahojiano ni Ijumaa.

Alhamisi, 5 Juni
Siku ya pili bila bugali, bila muziki, bila mpira. Nimejifungia chumbani. Serotonini lazima imeshuka, maana nimechukia kila kitu, hata pazia.

Saa nane mchana nimeshindwa. Nimekula sombe na makayabu, samaki wa chumvi, yote ya kwenye sufuria, pamoja na sehemu ya mke wangu Bénédicte. Amesema hana njaa. Siku hizi hana njaa kabisa. Bahati yangu.

Tatizo lingine: sikujua mgonjwa wa huzuni anafanya nini kutwa nzima. Nikachukua karatasi nijaribu kubuni. Imejaa kwa dakika tano. Kumbe nina kipaji.

Ijumaa, 6 Juni
Mahojiano. Shati sikulipiga pasi, kwa makusudi. Nimesema yote bila kukwama. Kwamba naamka saa tisa ya usiku na silali tena. Kwamba nimeacha kuimba korali kanisani baada ya miaka kumi na moja. Kwamba nakoroga bugali mpaka inaungua, macho yako ukutani. Kwamba nafua nguo ileile mara mbili. Kwamba tangu mazishi ya kule Aveba sijacheka.

Dokta alikuwa anaandika. Ameacha. Ameuliza nani alizikwa Aveba. Nimesema mama mkwe. Ameuliza kama nyumbani ni mimi ninayekoroga bugali. Nimesema hapana. Ameuliza nilikuwa naimba sauti gani. Nimesema soprano.

Ameweka kalamu chini.

“Papa Dady,” akasema, “huyu mutu uliyenieleza ni mugonjwa kweli. Iko nyumbani sasa?”

Nikasema ndiyo, iko.

“Mulete leo. Si kwa sababu ya ndege. Kwa sababu yake.”

Njia nzima nimejilaumu kwa ile soprano. Ningesema besi.

Nimemkuta Bénédicte jikoni na majani ya sombe mapajani, hajaanza hata moja, na ilikuwa karibu saa sita. Yote niliyoandika kwenye karatasi yangu yalikuwa yamekaa pale kwenye kiti. Nimeogopa kidogo. Nimeita pikipiki.

Jumatatu, 9 Juni
Dokta amesema ni ugonjwa, si uvivu wala pepo, na unatibika. Yeye na Bénédicte watazungumza kila wiki. Alimwambia anaweza kukataa uchunguzi na bado atatibiwa vilevile. Bénédicte alifikiri kwa muda mrefu, akakubali kwenda. Dawa ataanza akirudi, maana zingebadilisha picha.

Nimejitolea kumsindikiza, kama mume. Dokta amesema kuna muuguzi wa kuwasindikiza. Nimesema nabeba mizigo. Amesema mizigo ni begi moja.

Alhamisi, 12 Juni
Uwanja wa ndege. Emery amevaa suti aliyojishonea, amepunga mikono yote miwili. Bénédicte amegeuka mara moja tu. Nimesimama kwenye uzio mpaka ndege haionekani. Kwa sababu ya vumbi, macho yamelia.

Jumatano, 18 Juni
Wamerudi. Emery ameuliza picha inasema nini kuhusu ubongo wake. Dokta amemjibu kwamba picha ya mtu mmoja haisemi kitu, wanalinganisha nyingi. Amenuna. Nimefurahi mpaka jioni.

Bénédicte ameniambia alilala ndani ya mashine bila kutikisika, na hakuogopa. Dokta alikuwa amemsimulia mahojiano yangu.

“Ulikuwa unaona yote ile,” akasema, “na haukuniuliza hata siku moja.”

Nimemwambia simu za kutengeneza zilikuwa nyingi. Nimekunja nguo, zote, hata zilizokuwa zimekunjwa.

Jumapili, 6 Julai
Wiki ya tatu ya dawa. Dokta anasema tusiharakishe. Leo Bénédicte amekula nusu sahani na kusema bugali yangu ina madonge. Jioni ametembea mpaka mlango wa kanisa, amesikiliza korali ikijifunza, akarudi.

Nimeamua kumuuliza anajisikiaje. Kumuuliza vizuri, nikiwa nimeketi chini, simu imezimwa. Nitamuuliza kesho kutwa. Kesho sina nafasi: kuna madaktari wa macho wanafika hospitali ya Nyankunde, na inasemekana wagonjwa wagumu watapelekwa Kampala. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kujigonga kwenye milango.

Bénédicte ameniuliza nina nini. Nimemwambia sioni.

Amesema hilo analijua tangu zamani.