Wewe wa Mbuta, Jibu!

Jumatatu, 9 Juni
Haki ya Mungu, darasa la sita watanizika. Nimeuliza swali la hesabu, kimya. Nimeuliza tena kwa ukali, kimya zaidi. Byron, yule wa nyuma kabisa, hata kuandika hakuandika. Kiburi kitupu! Na Alhamisi anakuja Bwana Absalom, afisa wa elimu, kunikagua. Madam Seline, mwalimu mkuu, amenionya: nikiboronga safari hii, darasa linaenda kwa Agneta, nami napelekwa chekechea. Mimi, Waswa! Kupangusa watu makamasi!

Agneta anafundisha darasa lililopakana na langu. Watoto wake wanajibu kwa kelele siku nzima, hata kusinzia nashindwa. Nimemchimba kijanja anipe siri. Akasema anawafahamu watoto wake, huwatembelea hadi nyumbani. Kumbe ni hilo tu? Kesho naenda.

Jumanne, 10 Juni
Mpango: wazazi wawaamuru watoto wanyooshe mikono mbele ya Absalom. Nimeanza kwa Mama Byron, muuza samaki. Sijafungua mdomo, ugali na samaki ngege mzima viko mezani. Nikasema asante, nimeshiba. Kosa! Uso ukambadilika. Akauliza kama mwalimu anadharau jiko lake. Mgeni hatoki bila kula, nami mtu wa Bungoma najua vizuri, kwetu ni vilevile. Nilikuwa na haraka tu. Nikanawa mikono.

Ngege mtamu, jamani! Mama alieleza jambo refu kuhusu Byron. Nilikuwa napambana na mwiba, nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 11 Juni
Habari zimeenea ufuo wote wa ziwa. Kila mama ananingoja. Kwa kina Achola, samaki mbuta wa kukaanga. Kwa kina Brandon, dagaa wa omena na mboga ya osuga. Kwa kina Rachael, kuku! Nimerudi nimelegeza mshipi. Tatizo dogo: nimesahau kutaja ile mikono. Si kitu. Sasa watoto nawafahamu.

Alhamisi, 12 Juni
Msiba. Absalom kaketi nyuma. Nikauliza swali, hakuna mkono. Nikataka kuwaita, majina yote yakanipotea. Nikasema: wewe wa mbuta, jibu! Wewe wa kuku, simama! Darasa likavunjika mbavu. Absalom akauliza Achola anatatizwa na nini kwenye hesabu. Nikajibu kwamba kwao wanajua sana kukaanga.

Kujiokoa, nikamwita Byron asome ubaoni. Kimya. Nikamweleza Absalom kwamba huyo ndiye mwenye kiburi. Absalom akamshika mkono, akamleta hadi mbele. Byron akasoma yote bila kukwama, na jibu akatoa. Nikaulizwa kama sikujua macho yake hayaoni mbali. Nikaapa sijaambiwa na mtu. Hapo Byron, ambaye hajanisemesha mwaka mzima, akasema kwa heshima kwamba mama yake aliniambia juzi, nikila samaki.

Kwa heshima! Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 13 Juni
Agneta amepewa darasa langu. Nimechungulia dirishani. Byron kaketi mbele, ananyoosha mkono kabla swali halijaisha. Kujionyesha tu! Roho imeniuma, nakiri. Lakini mtego huu ni wa Agneta. Aliniambia nitembelee, hakuniambia nisile.

Jumatatu, 16 Juni
Chekechea. Wote wanalia. Debra, mdogo kuliko wote, analia kuliko wote. Ananionyesha kiatu. Nimemwambia ni kizuri. Akazidi kupiga mayowe. Nimemwambia kingine pia ni kizuri. Madam Seline amepita, akainama, akamvua viatu na kumvalisha upya, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Kelele ikakatika. Akaniambia, kwa uchovu, nijaribu kumwelewa mtoto.

Lakini namwelewa! Kosa langu lilikuwa moja tu: nyumba nilizotembelea zilikuwa chache mno. Nimeshamtumia mama yake Debra ujumbe kwamba nafika jioni. Nasikia anapika samaki kamongo. Chakula cha mchana nimekiacha makusudi.