Kaa Mwekundu Aliyetufundisha Kusema Pole

Kwa Bi Encarna Llopis,
Mkurugenzi, Shule ya Lugha ya Watu Wazima,
Benialmar.

Bi Encarna mheshimiwa,

Mimi ni Ximo Ferrandis, mwenye nyumba ya maziko iliyo mkabala na kituo cha mafuta. Nilianza na gari la kukodi na majeneza mawili, moja likiwa la maonyesho tu. Leo nazika nusu ya mji huu, na robo tatu ya Waingereza waliokuja kustaafia huku kwa ajili ya jua. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa hasira zilizosalia baada ya kuchana barua mbili za kwanza.

Januari niliwaandikisha watu wawili katika darasa lenu la Kiingereza: mke wangu Amparo, na kaka yake Toni, ambaye ndiye anayepokea wateja wetu. Ombi langu lilikuwa dogo. Wajifunze kumpa mfiwa pole, na kumweleza kwa nini huku tunazika kesho yake wakati kwao Uingereza wanangoja hata wiki tatu. Mwalimu wenu, Bi Lidia, akasema vitabu vimepitwa na wakati, siku hizi lugha hufundishwa kwa michezo ya mtandaoni. Akawapa mchezo wa kaa mwekundu anayening'inia juu ya sufuria ya maji ya moto. Ukipatia jibu, kaa anacheza. Ukikosea, anatumbukia. Matokeo ni haya:

1. Neno "pole". Jumatatu alikuja Bi Hazel Thornby, Mwingereza, mumewe Ron akiwa bado chumba cha maiti cha hospitali. Toni akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa Kiingereza safi, "Pole." Nikajivunia shemeji yangu. Kisha ulimi ukaendelea wenyewe, kama ulivyozoeshwa na mchezo: "Jibu si sahihi. Jaribu tena." Akaiga na ule mlio wa kaa akitumbukia. Tafsiri nilipewa na Amparo, huku amejiziba mdomo kwa shali.

2. Haraka. Bi Hazel akauliza kwa nini mazishi yawe kesho. Toni, ambaye kuhusu muda anajua sentensi mbili tu, akazitumia zote: "Muda unakwisha! Chagua sasa!" Mama wa watu akachukua mkoba wake, akasema ataulizia kwa wenzetu wa mji wa pili. Hakusaini chochote. Nikamwambia Toni, "Shemeji, huyu asiporudi, Ijumaa unanikabidhi funguo." Akaniuliza kama hapewi nafasi ya pili. Unaona, Bi Encarna? Anadhani maisha yote yana kitufe cha kurudia.

3. Mke wangu mwenyewe. Tulikuwa tunamuaga marehemu Evarist, muuza samaki, familia nzima imeketi mbele ya dirisha la kioo la chumba alimolazwa, mara tarumbeta zikalia mfukoni mwa Amparo: amepanda ngazi katika mchezo. Nikamtolea macho. Mjane wa Evarist akainua kichwa. "Umefika ya ngapi, mwanangu?" "Ya tisa, mama." "Mimi nimekwama ya saba, yule kaa ananimaliza. Hebu sogea hapa." Kumbe naye ni mwanafunzi wenu! Wakainamia simu moja. Marehemu akabaki na mimi.

4. Msimamo wa ligi. Kila Ijumaa mnabandika nani anaongoza. Wa pili ni Batiste, dereva wangu wa gari la maiti, aliyejiandikisha bila kuniambia, kwa jina la Mwewe wa Vitenzi. Juzi aliona mfululizo wake wa siku za kucheza bila kukosa unakaribia kukatika. Akaegesha kando ya barabara ya makaburini, marehemu yumo ndani, magari kumi na tisa nyuma yake, akainamia usukani. Watu wakadhani huzuni imemzidi. Binti wa marehemu akashuka, akamkumbatia kupitia dirishani: "Lia tu, Batiste, usijizuie." Naye: "Subiri kidogo, dada, limebaki swali moja."

5. Roho tatu. Hapa naomba nisikilizwe kama mtaalamu. Kaa anatumbukia, anakufa, anarudi. Ana roho tatu, na ukikubali kutazama tangazo anaongezewa ya nne. Katika miaka yote ya kazi hii sijaona mteja akirudi, hata kulalamika. Mna wanafunzi mia mbili na arobaini. Kila mmoja akiamini atazikwa mara moja kwa kila vifo vitatu, theluthi mbili ya soko langu imeyeyuka. Hilo si somo la lugha tena, ni hujuma.

Kwa hiyo naomba mchezo huo usimamishwe, vitabu virudi, na vitenzi vikaririwe kwa sauti, bila furaha yoyote. Ikiwa kaa ni lazima abaki, basi afe mara moja, azikwe kwa heshima (jeneza la kimo chake nitalitoa mimi), na wanafunzi wote waandike rambirambi kwa Kiingereza. Hapo mtakuwa mmefundisha kitu.

Nifikishie salamu kwa Bi Lidia, sina kinyongo naye binafsi, kwa mumeo, kwa mlinzi wa lango, na kwa mama yako mzazi. Nasikia mguu wake umepona. Nimefurahi kweli, usiangalie kazi yangu.

Wako, kwa subira iliyobaki kidogo,
Ximo Ferrandis

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, Bi Hazel amerudi. Kule mji wa pili wamemweleza kila kitu kwa Kiingereza kisicho na kosa, naye akaelewa kila kitu, hasa bei. Anasema hakuna hata mmoja wao aliyeinua macho kutoka kwenye karatasi kumtazama. Toni leo ameogopa hata kusalimia, asije akaropoka ya mchezo tena. Amemshika mkono akitafuta neno la kumwambia, na neno limechelewa sana kupatikana. Mama amelia vizuri, kisha amesaini. Anataka Toni ndiye aongoze kumuaga Ron, kesho saa tano asubuhi, kwa Kiingereza. Bi Encarna, kaa asiguswe. Kama Bi Lidia ana mchezo wowote wenye maneno ya kuagana, autume sasa hivi. Toni, Amparo, Batiste na mimi tumekaa hapa, simu mkononi.