Demetria Anataka Chuo cha Nairobi

Jumanne, 8 Agosti 1972

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima katuambia tuandike kila siku, hata mistari miwili, tusije tukasahau. Haya. Nimechoka. Binti yangu Demetria yuko likizo, kidato cha sita, anataka kusomea kuchora majengo. Vyuo viwili vinamsumbua. Kimoja hapa hapa Dar, jioni anarudi Temeke anakula kwangu. Kingine Nairobi. Anasema cha Nairobi kinatoa digrii, na bila digrii ya kwanza ya pili hataigusa. Nikamuuliza ya pili ya nini, kwani ya kwanza inaharibika? Baba yake akacheka mpaka akapaliwa na chai. Jumanne ijayo anapeleka jibu shuleni. Mie sitaki aende.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepata mpango. Tuna kiwanja Tabata, kina mihogo tu. Nikamwambia atuchoree nyumba. Akishaichora atataka kuiona ikisimama, na Nairobi ataisahau. Kachora kutwa nzima. Choo kakiweka ndani, mlango unatazamana na sebule. Nikamuuliza, wakwe wamekaa hapo, baba yako kabanwa, apite wapi? Akaikunja karatasi. Akasema umeona mama, sijui kitu, ndiyo maana lazima nikasome kule kule.

Nimemsukuma mwenyewe.

Jumamosi, 12 Agosti

Mpango wa pili. Jirani yetu Mwishehe, fundi cherehani, aliwahi kukaa Nairobi miaka mingi. Ni mtani wetu, tunatukanana toka tuhamie hapa. Nikamwomba aje amweleze mtoto ukweli: kule baridi, na mtu akiumwa hana mama wa kumpikia uji. Nikamuahidi pilau.

Kaja tunachambua mchele. Kwanza kasema tukihama sie, panya wa Temeke watafanya sherehe, maana walaji wao tumeondoka. Nikamjibu hao panya angalau wana akiba, si kama yeye anayeuza minazi ya marehemu babake akacheze ngoma. Ndipo akaingia kwenye baridi. Demetria akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Nikamwambia ni kweli, huyu kaishi huko! Akaniuliza, mama, tangu lini mtani akatumwa ujumbe wa kweli? Mtu anayekuja msibani kwetu kudai marehemu amemkalia kitini kwake?

Mwishehe naye, kuona kicheko kimenoga, akaongeza kwamba katumwa na mie kwa pilau. Hilo nalo wakalicheka. Baba Demetria peke yake hakucheka.

Pilau kaila.

Jumapili, 13 Agosti

Tumetoka misa. Mume wangu Anselmo kaniambia taratibu kwamba yeye alipoondoka Newala kwenda kukata mkonge, mama yake alimshika begi mpaka lori likaanza kutembea. Nikasema hiyo ilikuwa tofauti. Akaniuliza kwani yeye hakuwa mtoto wa mtu?

Mchana Demetria kaja kukaa mkekani karibu yangu. Kasema ni Nairobi. Kasema na yeye anaogopa, ila anaogopa zaidi kubaki akajuta na kuninunia mie uzeeni. Nikamwambia nenda mwanangu. Nilisema kwa moyo mmoja. Halafu nikapepeta mchele uliokwisha kupepetwa, mpaka nusu ukamwagikia kuku.

Jumatano, 16 Agosti

Jana jibu limepelekwa. Basi. Mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba. Mipango nimeiacha, nimemwambia na Anselmo, akasema Mungu mkubwa.

Leo kaka yangu Alfonsi kapita. Anachonga vinyago huko huko Nairobi, kaja kuchukua mpingo, kesho anarudi. Nimemsindikiza mpaka njia panda. Nikamsihi amtafutie mtoto chumba karibu na kwake, kikubwa, cha vitanda viwili. Akauliza cha pili cha nani. Nikamwambia cha mgeni. Akauliza huyo mgeni atakaa siku ngapi.

Nikamwambia mpaka digrii ya pili.